Kutoka Hatari! hadi Daktari: historia ya sindano inayoruka na faru waliorudi nyumbani

Hebu nikuulize swali la haraka. Ni maneno gani ya Kiswahili ambayo Mmarekani wa miaka ya 1960 angeweza kuyataja bila kufikiri sana? "Safari", sawa. Lakini kuna mengine mawili aliyoyapata kwenye skrini. La kwanza ni Hatari!, filamu ya mwaka 1962 iliyopigwa hapa hapa Tanganyika, John Wayne akiwa juu ya gari anafukuza wanyama. La pili ni Daktari, tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969, kuhusu daktari wa wanyama anayefanya kazi porini Afrika Mashariki.

Ukiziangalia hizo mbili moja baada ya nyingine, utaona kuna kitu kimebadilika katikati. Kwenye ya kwanza, mnyama anakamatwa kwa mbio, kamba na misuli ya watu. Kwenye ya pili kuna mtu wa sayansi, mwenye dawa. Miaka minne tu inazitenganisha. Nini kilitokea hapo kati?

Swali hili sikulipata maktaba. Nililipata Afrika Kusini, kwenye mafunzo ya wiki tatu ya udaktari wa wanyamapori. Darasa letu lilijaa wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani. Kutoka Afrika Mashariki tulikuwa wawili tu. Siku ya pili mkufunzi akaanza kueleza historia ya sindano ya kurusha, na majina ya mahali yakaanza kumtoka: Uganda, Nairobi, Kabete, Tanganyika, Tsavo. Mwenzangu akanigeukia, akaninong'oneza, "Sasa sisi tumepanda ndege kuja kufundishwa habari za nyumbani?"

Tulicheka. Lakini lile swali lilinikaa, na makala hii ni jaribio langu la kulijibu.

Enzi ya kamba na lori

Kabla ya dawa, mnyama mkubwa alikamatwa kwa kufukuzwa. Lori au gari la wazi linakimbia sambamba naye porini, mtu amesimama au amekaa pembeni na mti mrefu wenye kitanzi mwishoni, anamtia shingoni au mguuni. Hatari! inaonyesha hivyo hasa, na inaanza kwa faru kumjeruhi mtekaji. Wengi wa wanyama hao walikuwa wanapelekwa kwenye bustani za wanyama Ulaya na Marekani.

Hatari kwa binadamu unaiona wazi. Ile ya mnyama imejificha, na ndiyo iliyowasumbua wanasayansi. Ukimkimbiza pundamilia, twiga au faru kwa nguvu zake zote, misuli inatumia oksijeni kuliko ile ambayo damu inaweza kuileta. Misuli inaanza kutengeneza nishati bila oksijeni, asidi inajaa, joto la mwili linapanda. Seli za misuli zinapasuka na kumwaga kwenye damu protini iitwayo mayoglobini, ambayo inakwenda kuharibu figo. Mkojo unakuwa wa kahawia iliyokolea.

Sasa sikiliza sehemu mbaya. Mnyama huyo anaweza kuonekana mzima siku ile ile. Unampakia, unampiga picha, unashukuru Mungu. Halafu anakufa baada ya siku tatu, au wiki mbili, na wewe unadhani ni chakula au ni homa. Kumbe alianza kufa siku ya mbio.

Kwa hiyo swali la kitaalamu la miaka ya 1950 lilikuwa hili: unawezaje kumsimamisha mnyama wa porini bila kumkimbiza?

Kulemaa si kulala

Kifaa cha kurushia kilipatikana kwanza. Miaka ya 1950, watafiti wa Marekani walikuwa wakijaribu bunduki ya kurushia sindano kwa kulungu, na huko New Zealand mfamasia na daktari wa mifugo Colin Murdoch naye akabuni bunduki yake. Wazo ni rahisi: badala ya risasi, unarusha bomba la sindano lenye dawa, likigonga mwili linajisukuma lenyewe.

Tatizo likawa: utie dawa gani ndani?

Hapo anaingia Antonie Harthoorn, au Toni kama alivyojulikana, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uholanzi aliyekuja kufanya kazi Afrika Mashariki. Pamoja na wenzake alijaribu dawa hizi kwa wanyama wa Uganda, na mwaka 1960 walichapisha matokeo yao. Wakati huo huo, Bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi lilikuwa linajaa maji na wanyama wanakwama visiwani. Harthoorn alikwenda huko kusaidia kuokoa faru.

Dawa walizokuwa nazo zilikuwa za kulemaza misuli, kama saksinilikolini. Elewa tofauti hapa, maana ni kubwa. Dawa ya kulemaza hailazi. Mnyama anaanguka lakini akili iko macho, anasikia kila kitu, anaogopa, na maumivu yako pale pale. Dozi ikizidi kidogo, misuli ya kupumua nayo inasimama. Na mnyama wa porini hujampima kwenye mizani, unakisia uzito wake kwa macho ukiwa mita thelathini. Ukikisia chini, anakimbia nusu amelemaa. Ukikisia juu, umemuua.

Harthoorn baadaye alifundisha Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania waliotaka kuwa madaktari wa mifugo walikwenda kusoma pale. Kwa hiyo unaposikia kwamba taaluma hii "ilitoka nje", kumbuka kwamba sehemu kubwa ya majaribio yake ya mwanzo ilifanyika kwenye nyasi zetu, kwa wanyama wetu, jirani kabisa na wanafunzi wetu.

Dawa ya M99 na faru wa Umfolozi

Mwaka 1960 nchini Uingereza, kundi la wanakemia likiongozwa na Kenneth Bentley lilikuwa linatafuta dawa bora ya maumivu kutokana na mmea wa afyuni. Wakapata etorfini, ikapewa namba M99. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kwamba maabara mmoja watu walikorogea chai kwa kijiti cha kioo kilichokuwa na mabaki ya dawa hiyo, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Kisa kiwe kimeongezwa chumvi au la, nguvu ya dawa yenyewe si hadithi: ina nguvu zaidi ya mara elfu moja kuliko mofini.

Ili upate picha, kidonge kimoja cha panadol kina miligramu 500. Faru mweupe mwenye uzito wa tani mbili analazwa kwa takriban miligramu nne za etorfini. Dozi ndogo kiasi hicho inaingia yote kwenye sindano ndogo ya kurusha. Na jambo la pili ni muhimu zaidi: dawa hii ina kizimuzi. Ukimaliza kazi unachoma dawa ya pili kwenye mshipa wa sikio, na ndani ya dakika moja au mbili mnyama anasimama na kuondoka zake. Saksinilikolini haikukupa nafasi hiyo ya kurudi nyuma.

Wakati dawa hiyo inapatikana, kulikuwa na mahali pameihitaji kweli kweli. Faru weupe wa kusini walikuwa wamewindwa hadi, mwishoni mwa karne ya 19, wakabaki chini ya mia moja, karibu wote kwenye bonde la mto Umfolozi, nchi ya Wazulu. Eneo hilo likatangazwa hifadhi mwaka 1895. Mwaka 1953 askari wa wanyamapori Ian Player aliwahesabu kwa ndege, akapata 437. Walikuwa wanaongezeka, habari njema. Lakini wote walikuwa kwenye kapu moja. Ugonjwa mmoja tu ungetosha kuwafuta duniani.

Player na wenzake, akiwemo Magqubu Ntombela, mzee wa Kizulu aliyeijua ile pori kama kiganja chake, wakaanzisha kazi ya kuwahamisha faru kwenda hifadhi nyingine. Harthoorn akaenda kuwasaidia upande wa dawa. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu na baadhi ya faru walikufa. M99 ilipoingia, kazi ikageuka. Leo kuna faru weupe wa kusini zaidi ya 15,000, na wote ni uzao wa kale kakundi ka Umfolozi.

Kuna mtu mwingine wa kumtaja hapa, Jan Oelofse. Yeye alikuwa miongoni mwa waliowatunza wanyama wakati Hatari! inapigwa Tanganyika. Baadaye alikwenda Umfolozi, na huko akabuni njia ya kukamata makundi ya swala na pundamilia kwa mapazia marefu ya plastiki. Mnyama akiona pazia ambalo haoni upande wa pili anadhani ni ukuta, halirukii, anafuata njia hadi kwenye lori. Mtu yule yule aliyeshuhudia mbio za kamba ndiye aliyekuja na njia ya kuzipunguza.

Na Daktari? Mtayarishaji wake, Ivan Tors, alivutiwa na kazi ya Harthoorn. Sehemu kubwa ya tamthilia ilipigwa California, lakini jina walilichukua kwetu. Harthoorn mwenyewe aliandika kitabu mwaka 1970, akakipa jina linalomaanisha "sindano inayoruka".

Saba waliokwenda ughaibuni

Hapa ndipo hadithi inapogeuka, na kwangu ndiyo sehemu iliyonigusa zaidi.

Mwaka 1961 na 1962, faru weusi saba walichukuliwa Kenya wakapelekwa Addo, hifadhi ya tembo kusini kabisa mwa Afrika Kusini. Faru wa huko walikuwa wamekwisha kuuawa wote karne moja kabla. Wakati ule hakuna aliyeona kuwa ni jambo kubwa. Kenya ilikuwa na faru tele, saba walikuwa nini?

Basi fuata hesabu. Mwaka 1970 Afrika nzima ilikadiriwa kuwa na faru weusi 65,000, na karibu 20,000 kati yao walikuwa Kenya. Halafu bei ya pembe ikapanda. Yemen walizitaka kwa mipini ya jambia, Asia ya Mashariki walizitaka kwa dawa za asili, ingawa pembe ya faru ni keratini tu, kitu kile kile kilichoko kwenye kucha zako. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilibaki na faru chini ya 400. Katikati ya miaka ya 1990 Afrika nzima ilibaki na takriban 2,400. Serengeti walikaribia kwisha kabisa: kwenye miamba ya Moru walibaki majike wawili, hadi dume mmoja alipotembea mwenyewe kutoka Ngorongoro na kuwakuta.

Na wale saba wa Addo? Walikuwa wanazaana kimya kimya. Baadaye wataalamu wa Afrika Kusini waliamua Addo irudishiwe nasaba ya faru weusi wa upande wa kusini-magharibi, hivyo wale wenye asili ya Kenya wakahamishwa, wengi wakaishia kwenye shamba binafsi la wanyamapori kaskazini mwa nchi. Wajukuu na vitukuu wa Tsavo, waliozaliwa ughaibuni, wakawa akiba ambayo hakuna aliyepanga kuiweka.

Mei 2010, watano kati yao walipandishwa ndege ya mizigo aina ya Hercules, wakatua Seronera, Serengeti. Rais Jakaya Kikwete alikuwepo kuwapokea. Mpango ulikuwa ni kuwaleta 32. Karibu miaka hamsini baada ya babu zao kuondoka Afrika Mashariki, ukoo ulirudi.

Ningependa kukwambia kwamba waliishi raha mustarehe. Mwaka haukuisha kabla mmoja wao, dume aliyeitwa George, hajauawa na majangili ndani ya hifadhi. Ilikuwa Desemba ile ile ya 2010.

Sindano ni mwanzo tu

Kule kwenye mafunzo, siku ya kumlaza faru, nilidhani kazi kubwa ni kulenga. Kumbe kulenga ni dakika moja. Daktari alirusha sindano kutoka kwenye helikopta, sisi tukasubiri ndani ya gari. Kabla ya hapo tulikuwa tumehojiwa mmoja mmoja: kizimuzi cha binadamu kiko wapi? Nani atakichoma? Kwa nini mtu hafungui chupa ya M99 akiwa peke yake? Tone moja likiingia kwenye kidonda au jichoni linaweza kukuua, na hakuna anayetaniana kuhusu hilo.

Faru alipolala, kila mtu alikuwa na kazi yake. Kitambaa machoni, vizibo masikioni. Kumweka akalie kifua, maana akilala ubavu muda mrefu uzito wake mwenyewe unabana mapafu na misuli. Kuhesabu pumzi, kwa sababu etorfini inapunguza upumuaji, na kwa faru weupe hasa hilo ni tatizo kubwa. Kupima oksijeni, kupima joto, kummwagia maji. Alama sikioni, damu kwa ajili ya vinasaba, chipu kwenye pembe. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu pumzi tu, na sijawahi kuhesabu kitu kwa uoga kama ule. Mzee mmoja mfuatiliaji nyayo alisimama nyuma yangu. Nikamwambia, "Baba, anapumua polepole." Akanijibu kwa upole, "Wewe hesabu. Usimhurumie ukasahau namba."

Lakini hata ukifanya yote hayo vizuri, bado mnyama anaweza kufa baadaye, na mifano miwili ya mwaka 2018 inaonyesha hivyo. Julai mwaka huo, faru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki. Kulazwa walilazwa, kusafiri walisafiri. Lakini maji ya visima walivyowekewa yalikuwa na chumvi nyingi. Anayekunywa maji ya chumvi anapata kiu zaidi, anakunywa zaidi. Ndani ya wiki chache kumi walikufa, na aliyebaki akashambuliwa na simba. Mwaka ule ule, faru weusi sita walipelekwa kutoka Afrika Kusini hadi hifadhi ya Zakouma nchini Chad, ambako faru walikuwa wametoweka kwa miongo kadhaa. Wanne walikufa ndani ya miezi michache. Miili yao haikuwa na akiba ya mafuta. Hawakuweza kuzoea chakula kipya.

Unaona linalojirudia hapo? Sindano ilishatatuliwa miaka ya 1960. Yaliyobaki ni maswali ya maji, majani, mbung'o na magonjwa wanayoambukiza, na ulinzi dhidi ya jangili. Maswali hayo yana majibu tofauti kila mahali. Tabia ya maji ya Tsavo ungeipata kwa kupima maji ya Tsavo kwenyewe. Majani ya Zakouma yanajulikana na mtu aliyekaa Zakouma misimu yote miwili, wa mvua na wa kiangazi.

Basi kwa nini tunapanda ndege?

Nirudi kwa swali la mwenzangu. Jibu la kwanza ni chungu: utaalamu hukua pale wanyama wanapobaki. Ukitaka kumlaza faru mara mia ili mkono uzoee, lazima uwe na faru wengi. Umfolozi waliwalinda wale mia wakawa maelfu. Sisi tulikuwa na maelfu tukabaki na wachache. Kila faru aliyeuawa miaka ya 1970 na 1980 aliondoka na masomo ambayo wanafunzi wetu wangeyapata bila pasipoti.

Jibu la pili linanipa moyo kidogo. Wale saba wa Addo wanatuonyesha kwamba kwenda nje si lazima iwe kupotea. Kilichopelekwa nje kikatunzwa kinaweza kurudi, ilimradi nyumbani kuwe na mahali pa kukipokea. Septemba 2019 walikuja Tanzania faru wengine tisa kutoka Afrika Kusini. Waliwapokea madaktari na askari wetu, kwenye maboma yetu, na wao ndio watakaokesha nao.

Kwa hiyo kama wewe ni mwanafunzi na umepata nafasi kama yangu, nenda. Nina maombi matatu tu. Usijifunze kulenga peke yake, uliza pia wanyama wangapi walikufa baada ya mwezi mmoja na kwa nini. Andika kila kitu, hasa makosa, maana makosa ya Umfolozi ndiyo yaliyoifundisha dunia. Na kabla hujaondoka, pita kwa askari wa hifadhi iliyo karibu nawe, umwulize faru wa pale wanakunywa wapi kiangazi. Mimi sikufanya hivyo. Yule mzee mfuatiliaji nyayo aliponiuliza faru wa kwetu wanakunywa wapi, nilibaki nimeduwaa, na nilikuwa nimetoka karibu zaidi na Serengeti kuliko yeye.

Tangu nirudi nimekwenda kuuliza. Jibu ni refu, na bado naliandika.